Mnong'ono Kando ya Friji

Nyumba yangu ya Mpanda inanguruma. Mgeni akiingia hasikii kitu, atasifu utulivu wa mtaa na kuomba maji ya kunywa. Mimi nafanya kazi ya kurekodi sauti, na masikio yangu yameshaharibika kwa namna yake. Taa ya sebuleni inavuma. Chaja ya kompyuta ina mlio mwembamba kama wa mbu. King'amuzi cha televisheni kinalia hata kikiwa kimezimwa. Halafu kuna chumba cha mbele, ambacho nimempangisha mama mmoja wa Kifipa anayeuza samaki wa ziwani na juisi za barafu. Friji yake ya kugandishia imeegemea ukuta wa chumba ninachorekodia. Ikianza, taa zinafifia kidogo kisha zinarudi, na kwenye kila ninachorekodi unaingia mngurumo mzito ambao ukishausikia mara moja, basi, hutaacha tena kuusikia.

Nyumba hii ilifungwa umeme na mafundi tofauti, na kila aliyekuja alianza kwa kumtukana aliyemtangulia. Mmoja alivuta waya juu ya dari akaunganisha chumba cha mbele na changu kwenye laini moja. Mwingine alibadilisha swichi kuu akaacha zile soketi zinazocheza ukichomeka kitu. Wa mwisho aliniambia nyumba nzima haina waya wa ardhini. Nikamuuliza umekwenda wapi. Akacheka, akasema labda haukuwahi kuwepo. Ndiyo maana ukigusa bati la kompyuta yangu vidole vinakuwasha, lakini ukiacha kiganja juu yake mngurumo unapungua. Nimerekodi kazi nyingi nikiwa nimeishika kompyuta kwa mkono mmoja kama mtu anayempima mtoto homa.

Kazi zenyewe si za kujivunia sana. Ile sauti unayoisikia sokoni ikitoka kwenye spika, "Mchele wa Kibaoni, mchele wa Kibaoni, haujachanganywa, sogea uone mwenyewe," ni yangu. Wauza dawa za panya wananijua, wauza mitumba wananijua, na kwaya mojamoja huja kuimba katikati ya magodoro niliyoyaegemeza ukutani. Kelele za nyumba hazikuwa zikinitisha, kwa sababu kwenye kompyuta nina programu ya kuzisafisha. Unaionyesha kipande kifupi ambamo hakuna anayesema, kelele tupu. Inazijifunza, kisha inaziondoa kila zilipo. Kwa sauti ya kubweka kama yangu, inafanya kazi vizuri hadi unaweza kudhani nimerekodia studio ya Dar es Salaam.

Baba yangu alikuja kuishi kwenye mngurumo huu alipougua. Sisi tulimwita Data, kama Warundi wanavyomwita baba, maana asili yetu ni huko, ingawa mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na sijui pengine pa kuita kwetu. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya kule Katumba tangu kabla sijazaliwa. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuudhi. Akituita kutoka shambani, hata watoto wa majirani waliitika. Kisha kooni kukaota uvimbe, tukampeleka hospitali kubwa ya mbali, wakautoa, na sauti ikaondoka nao. Alirudi ananong'ona. Daktari alitueleza kwamba huo mnong'ono ndio utakaobaki, na kwamba uvimbe wenyewe unaweza kurudi.

Nilikasirika sana wakati ule. Yeye hakukasirika, kwa hiyo nilikasirika kwa niaba yake, nikagombana na majirani, na watoto wa mtaa, na friji. Kilichoniudhi zaidi ni watu waliokuja kumsalimu. Akiwanong'oneza, nao wanamnong'oneza, chumba kizima kinakuwa kama watu wanaopanga njama. Siku moja alimshika mkono mzee mmoja wa kanisa, akamvuta karibu, akamwambia, "Ongea vizuri, mzee. Mimi ndiye niliyeibiwa, wewe yako bado unayo." Mzee yule alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikaenda jikoni kulia.

Kitu alichoniomba nimletee kutoka Katumba hakikuwa nguo wala Biblia. Alitaka inanga. Ni ubao mrefu uliochongwa katikati ukawa na tumbo kama sinia lenye kina, na uzi mmoja mrefu umepitishwa juu yake ukienda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi nyingi. Ilikuwa ya babu. Anayeipiga haimbi kwa sauti. Nyuzi zake zinaongea chini sana, na mtu akiimba kwa nguvu anazifunika, kwa hiyo mwimbaji hunong'ona maneno juu yake, pumzi tupu, nyuzi zikimpa muziki. Data alipokuwa na sauti yake aliidharau. Aliwahi kutuambia huo ni uimbaji wa wezi, watu wanaoogopa kumwamsha mwenye nyumba. Ilining'inia ukutani miaka yote hiyo bila uzi.

Sasa aliishusha. Nilimtafutia nailoni nene, ile ya wavuvi, mpangaji wangu akaileta alipokwenda ziwani kuchukua samaki. Data alikaa kwenye mkeka na kuifunga taratibu, akivuta, akisikiliza, akilegeza. Alipomaliza alinong'ona ubeti mmoja. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kumsikia akiimba, na hakuna kilichopungua. Sauti waliyomwondolea haikuwa ikihitajika katika wimbo ule.

Wimbo ulikuwa wa babu, kuhusu watu wa nyumba yetu. Unataja kilima walichotoka, mto waliovuka, nani alibeba nini, nani alibebwa na nani. Data alibebwa. Alikuwa mtoto wa mgongoni walipokimbia Burundi, na aliyembeba ni dada yake mkubwa, aliyekuwa naye bado msichana mdogo. Huyo ndiye shangazi yangu, ambaye kwa Kirundi namwita Masenge. Walikulia pamoja Katumba, wakalima mashamba yanayopakana, na kama Masenge alipika kitu kizuri, sisi tulikila kabla ya watoto wake.

Kisha ukaja ule wakati wa kuchagua, kila familia iseme kama inarudi Burundi au inabaki kuwa Watanzania. Nilikuwa msichana wa shule. Data alichagua kubaki. Masenge alichagua kurudi, alisema anataka kuzikwa kwenye kilima alichokitoroka. Hawakupigana, wala hawakutukanana. Walichofanya ni kuacha kuzungumza, na katika nyumba za watu wetu hicho ni kikubwa kuliko matusi. Asubuhi ambayo magari yalikuja kuchukua wanaorudi, Masenge alikuja kwetu kuaga. Sisi watoto tulikuwa uani. Data alikuwa ndani na mlango umefungwa. Masenge alibisha, akasubiri, akabisha tena. Babu alikuwa amefia nyumbani kwake, kwa hiyo inanga ilikuwa kwake. Aliilaza juu ya kizingiti, akatukumbatia, akaenda kupanda gari. Data alifungua mlango vumbi likiwa limeshatulia.

Tangu hapo salamu zao zilipita kwetu watoto. "Mwambie mama yako nimemsalimu." "Mwambie mzee nimesikia." Mimi na binamu yangu, mtoto wa Masenge, tulikuwa kama watu wanaopitisha sahani juu ya ukuta.

Ugonjwa uliporudi, Data aliniambia anachotaka. Alitaka dada yake amsikie kabla hajafa. Hakutaka nimsemee. Alitaka kusema mwenyewe. Tulijaribu simu, nikampigia binamu, akampa mama yake, na Data akainong'oneza simu kwa nguvu zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Upande wa pili tulisikia, "Haloo? Haloo? Mbona hakuna mtu?" kisha ikakatika. Data aliifuta simu mate kwa kanzu yake, akairudisha mkononi mwangu.

"Nirekodi," akanong'ona. "Si ndiyo kazi yako?"

Nilichagua Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ikiwa imefungwa. Nilizima taa. Nilichomoa king'amuzi. Nilihamisha simu zote nikazipeleka jikoni. Kompyuta yangu betri yake ilikufa zamani, haiwaki bila chaja, kwa hiyo chaja ilibaki, na kiganja changu juu ya bati la kompyuta. Nilikwenda kumwomba mpangaji azime friji kwa muda, nikakuta kufuli. Alikuwa ameshakwenda misa, na friji ndani inanguruma raha mustarehe. Kuzima swichi kuu kungezima na kompyuta. Halafu kulikuwa na joto, lile la kungoja mvua, na Data hakuweza kupumua vizuri bila feni. Nilipoizima alianza kutweta, nikaiwasha tena. Nikaisogeza mbali, nikaigeuzia ukuta.

Nilimwambia tunaweza kungoja siku nyingine. Akatikisa kichwa. Siku hiyo alikuwa na nguvu, na sote wawili tulijua nguvu zilivyokuwa zikija kwa nadra.

Akapiga. Nyuzi zilitangulia zenyewe muda mrefu, kisha mnong'ono ukaingia. Alitaja kilima, mto, waliobeba na waliobebwa. Kwenye inanga mwimbaji anaruhusiwa kuongeza ya kwake, na alipofika mwisho wa wimbo hakuacha, aliendelea na maneno ambayo babu hakuyaacha. Alisema, kwa Kirundi, "Mkubwa wangu, siku ile nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia mkono wako, na ulipobisha mara ya pili niliweka wangu mahali palepale, upande wa ndani. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nalia, na nilikuwa mwimbishaji, nikaona aibu watu wanione. Mgongo wako haukuwahi kunitupa. Mimi ndiye niliyekuacha uende bila neno. Neno ndilo hili."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kompyuta na sikuweza kuuondoa kujifuta machozi. Niliyaacha yashuke.

Alilala mchana wote. Mimi nilikaa na kazi ile, nikavaa hedifoni, nikaanza kuchukia. Friji ilikuwa imejaa kila mahali. Feni ilipumua juu ya kila neno. Niliona aibu kumpelekea Masenge kitu kichafu namna ile, wimbo wa nyumba yetu ukiwa umelala ndani ya mngurumo wa samaki wa mtu mwingine. Nikafanya ninavyofanya siku zote. Niliionyesha programu kile kipande cha mwanzo kabla Data hajagusa uzi, ikajifunza friji na feni, ikaondoa. Mngurumo ukabaki kidogo. Nikaongeza nguvu, nikasafisha tena. Nyumba yote ikatoka. Nyuzi zikabaki safi, zinang'aa, kila moja mahali pake.

Data alipoamka nilimsikilizisha. Alikaa na macho yamefumba, midomo yake ikitembea pamoja na wimbo, na mimi midomo yangu ikitembea na yake. Mwisho alikuwa analia. "Nimesema vizuri," akaniambia. Nikamjibu, "Umesema vizuri sana, Data." Nikamtumia binamu palepale, nikamwandikia kwamba mzee amemtumia Masenge wimbo wa babu, amsikilizishe kwenye spika yake kubwa.

Kesho yake asubuhi Data aliniuliza kama dada yake amejibu. Bado. Siku iliyofuata akauliza tena. Nilimwandikia binamu kumuuliza kama mama amesikia, akajibu neno moja, "Amesikia." Nilimwonyesha Data simu. Aliliangalia neno lile muda mrefu, utadhani lina kurasa nyuma yake.

"Amesikia na hana la kusema," akanong'ona.

Nilitaka kupiga simu. Nilitaka kumgombeza binamu, nimgombeze na Masenge mwenyewe, nimuulize ana moyo wa namna gani. Data alinikataza. Alisema mtu halazimishwi kusema, na yeye ndiye wa mwisho mwenye haki ya kumlazimisha dada yake. Aliendelea kuuliza kila asubuhi, lakini kwa macho tu, akiitazama simu yangu na kunitazama mimi. Kisha akaacha na hilo. Inanga ikakaa kona ya chumba, naye hakuigusa tena. Nilimchukia shangazi yangu siku zile kwa chuki safi kabisa, ya kutosha kunifanya nikoroge uji mpaka mwiko unavunjika.

Alikufa mchana, friji ikinguruma. Aliondoka akiamini kwamba dada yake amemsikiliza na kumnyamazia.

Tulimzika Katumba, kisha wazee wa ukoo wakakaa kuamua habari zimfikie vipi Masenge. Kwetu mtu mzima hapewi msiba kwa simu. Anatumwa mtu, aende na miguu yake, aketi, amwombe maji, azungumze ya njiani, na akiona mwenyeji ametulia ndipo aseme. Akachaguliwa mmoja wa wazee, akapanda basi la Kigoma ili avukie mpakani. Mimi niliruhusiwa kumwambia binamu peke yake, ajiandae, na amzuie mama yake asisikie kwa watu.

Nilimpigia nikiwa nyumbani Mpanda, nimesimama nyuma ya nyumba, waombolezaji wakiwa wamekaa mbele. Alilia. Alipotulia akasema jambo ambalo alikuwa amelibana kifuani.

"Dada, usinielewe vibaya, amekufa na mimi sitaki kumsema. Lakini mbona mzee alimfanyia mama vile?"

"Vipi?"

"Ule wimbo. Kumpigia vile bila neno hata moja."

Nikamwambia amechanganyikiwa, maneno yamo, maneno yamejaa. Akasema hakuna neno, ni nyuzi tupu toka mwanzo mpaka mwisho, na kwamba alidhani ni mambo ya wazee ndiyo maana hakuingilia. Akaniambia kilichotokea kule. Masenge alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo, akasikiliza tena. Kisha akawaambia kwamba babu alikuwa na tabia hiyo. Mtoto akimkosea sana, babu hakumpiga wala hakumgombeza. Alikaa mbele yake akapiga wimbo wa nyumba yao mdomo umefungwa, na mtoto akaelewa kwamba humo ndani ya wimbo ameshatolewa. "Sawa," Masenge alisema, "nimeelewa." Akaingia kulala na jua bado liko juu.

Nilikwenda ndani nikaifungua kazi ile. Nikasikiliza. Nilimsikia Data akinong'ona, kilima, mto, mlango, nikaanza kumtukana binamu kimoyomoyo. Kisha nikaogopa. Nikamwita mpangaji wangu, ambaye alikuwa anawagawia waombolezaji chai. Yeye Kirundi hajui hata cha kuombea maji, na wimbo ule hakuwahi kuusikia.

"Sikiliza," nikamwambia, nikamvalisha hedifoni. "Unasikia nini?"

Alisikiliza akiwa ameshika birika. "Nasikia kinanda cha mzee. Kizuri."

"Na sauti yake?"

"Sauti gani, mama?"

"Ananong'ona. Sikiliza vizuri."

Akafumba macho, akajitahidi, maskini, alitaka kunisaidia. "Mi sisikii mtu, mama. Nyie mnasikia?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi na Data tulisikia kwa sababu tulikuwepo yaliposemwa, tuliyajua maneno. Tuliyatia wenyewe kwenye nyuzi tulipokuwa tunasikiliza, midomo yetu ikitembea, na hakuna aliyetuambia hayamo. Mnong'ono hauna mlio, ni hewa inayopita, na feni nayo ni hewa inayopita. Kwa programu ile pumzi ya baba yangu na upepo wa feni vilikuwa takataka za aina moja, na ilivifagia pamoja. Iliacha nyuzi kwa kuwa nyuzi zina sauti.

Nilipiga meza kwa ngumi mpaka mama wa Kifipa akaweka birika chini akanishika. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Nilichoweza kusema ni kwamba alikuwa amemwambia, alikuwa amemwambia yote, na mama yule akanijibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomjibu aliyefiwa.

Kile nilichorekodi kwanza, kabla ya kusafisha, sikukifuta, huwa sifuti kitu. Nikakitafuta, nikamvalisha tena hedifoni mpangaji wangu. Alishtuka mara hiyohiyo. "Hee, si friji yangu hiyo!" Kisha akaegemeza kichwa, machozi yakaanza kumtoka ingawa haelewi hata neno. "Huyu hapa," akasema. "Yuko nyuma ya friji, lakini yupo."

Nikamtumia binamu jinsi kilivyo, na mngurumo wake, na feni yake, na sehemu ambapo mtu anapita barabarani na pikipiki. Nikampigia kumweleza kwa kifupi. Nikamwambia amsikilizishe mama yake leoleo, na asimwambie zaidi ya hapo. Mzee aliyetumwa alikuwa bado yuko njiani, na jambo hili lilitakiwa limfikie Masenge kwanza. Sikujua kama nafanya vizuri. Nilijua tu kwamba akipewa msiba kabla ya maneno yale, atamzika ndugu yake akiamini yeye ametolewa kwenye wimbo, na hata akiyasikia baadaye hayatakuwa salamu tena.

Jibu lilikuja jioni, kabla ya watu kuanza kuaga. Nililisikilizia bafuni, mahali pekee palipokuwa hapana mtu. Masenge alianza kwa kukohoa. Kisha akamwita Data kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwahi kumsikia mtu akilitamka.

"Nimekusikia," akasema. "Wamenipigia mara nyingi mpaka simu imepata moto. Nilidhani umenifungia mlango mara ya pili, kumbe hii nyingine ilikuwa ya mashine, huyu mtoto amenieleza nimeelewa nusu. Na mlango ule wa kwanza, mjinga wewe, nilijua unalia. Nani aliyekulea? Ulikuwa unalia kwa pua tangu mdogo, nilikusikia kutoka nje. Nilichotaka ni ufungue tu nikufute." Akacheka, akakohoa tena. "Hiyo inayonguruma nyuma yako ni nini? Umenunua ng'ombe ukamfungia ndani? Umekuwa mtu wa mjini kabisa. Sasa sikiliza. Umeruka ubeti. Kuna ubeti wa ndugu yetu mwingine tuliyemwacha njiani kabla ya mto. Baba hakuwa akiuimba mbele yako. Mimi ninao. Ushike."

Akaunong'ona. Hakuwa na inanga, alikuwa akigonga kitu kwa kidole, labda bakuli. Sikuwa najua kwamba na yeye anaweza. Sikuwa najua kwamba kulikuwa na mtoto mwingine. Alipomaliza alisema, "Sasa urudie wote, na huo ukiwa ndani yake, unitumie. Usichelewe, na wewe umzime huyo ng'ombe."

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Nilifurahi, nakiri, kwa muda mfupi nilifurahi kama mtu aliyefikisha mzigo, nikainuka kwenda kumwambia Data. Nilifika mpaka kwenye kitasa cha mlango.

Simu ikatetemeka. Alikuwa binamu, ameandika: "Amekaa na simu mapajani. Hataki kula mpaka mzee amrudishie. Nimwambie nini?"

Mzee aliyetumwa nilikuwa nimezungumza naye mchana, alikuwa ameshapita Kigoma. Angefika kwao kesho. Kwa hiyo mpaka kesho Masenge alikuwa bado ana mdogo wake, yuko Mpanda, anajifunza ubeti mpya.

Nikamwandikia binamu amwambie kwamba ubeti umefika, na kwamba ni mrefu, mzee hawezi kuushika kwa siku moja. Ale kwanza.